Kabla ya kutoa makuta, fundi aangalie nyumba kwanza

Juma hili tunazungumza juu ya nyumba. Hatuzungumzi juu ya kujenga. Tunazungumza juu ya nyumba ambayo mtu mwingine amekwisha kuijenga, na sisi tunataka kuinunua au kuipanga.

Kiangazi kimeingia. Mvua imekwisha, barabara zinapitika, matofali yanafyatuliwa na kuchomwa, na makomisioneri wanazunguka mitaani wakiulizia nani anauza na nani anatafuta. Kwa mnunuzi, huu ndio wakati mgumu kuliko yote, kwa sababu wakati wa kiangazi nyumba huwa kama bwana harusi. Imepakwa chokaa, imefagiliwa, haina kasoro. Tabia yake utaijua mvua ikinyesha, na wakati huo makuta yako yamekwisha kuliwa.

Wazee walisema haraka haraka haina baraka, na sisi watu wa Baraka tunapenda kucheka tukisema kwamba mtu mwenye haraka hafiki kwetu. Lakini kwenye nyumba tunakuwa na haraka. Komisioneri anasema kuna mtu mwingine anakuja kesho na dola mkononi, na sisi tunatoa avansi usiku huohuo. Kabla ya avansi hiyo kuna kazi moja ya siku moja ambayo tunaomba kila mama aifanye: apeleke fundi wake aangalie nyumba.

Fundi gani?

Katika nchi nyingine kuna watu ambao kazi yao ni hiyo tu: kukagua nyumba na kuandika ubovu wake. Kwetu, mtu anayeweza kazi hiyo ni masoni mzee, yule aliyejenga nyumba nyingi na ambaye nyumba zake bado zimesimama. Kama nyumba ni ya ghorofa au ya bei kubwa, tafuta mtu aliyesoma ujenzi. Kwa paa, masoni aje na seremala.

Fundi huyo awe na mambo matatu. Kwanza, asiwe amejenga nyumba hiyo, wala asiwe ndugu wa muuzaji. Pili, asiletwe na komisioneri. Komisioneri anakula nyumba ikiuzwa, na fundi anayemletea anajua hivyo. Tatu, mpatane mapema kwamba anayekagua si yeye atakayetengeneza. Mtu anayengojea kupewa kazi ya kutengeneza anaweza kukuonyesha ubovu usiokuwepo. Mlipe kwa macho yake na kwa siku yake, kisha umwage kwa heshima.

Wengine wanaogopa kwamba kumleta fundi ni kumtukana muuzaji, kana kwamba tunamwita mwongo. Si hivyo. Hata mbuzi sokoni tunamfungua mdomo tukaangalia meno yake, na mwenye mbuzi hakasiriki. Muuzaji anayekataa fundi asiingie, au anayesema chumba kimoja hakifunguliwi leo, amekwisha kukujibu.

Aanze nje, kwa maji na udongo

Kabla ya kugusa ukuta, fundi mzuri anazunguka kiwanja chote akitafuta njia ya maji. Anauliza majirani, na wewe uulize pamoja naye, hasa mama jirani: masika iliyopita maji yalifika wapi? Yaliingia ndani? Anatafuta alama ya tope ukutani, mstari wa rangi nyingine, na chokaa mpya iliyopakwa sehemu ya chini peke yake.

Hatusemi haya ili kuwatisha. Mwezi wa 4 mwaka 2020, mito ya Uvira ilifurika ikaua watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Mwezi wa 5 mwaka 2023, huko Bushushu na Nyamukubi katika Kalehe, maji na mawe kutoka mlimani yaliua watu zaidi ya 400. Na mwezi wa 5 mwaka 2025, hapa kwetu katika territoire ya Fizi, kijiji cha Kasaba katika sekta ya Ngandja kilipigwa na maji usiku, watu wakiwa wamelala, wakafa makumi kwa makumi. Nyumba nyingi kati ya zile hazikuwa na ubovu wa ukuta. Ubovu ulikuwa mahali zilipokaa.

Kwa nyumba za kando ya ziwa, kuna jambo lingine la kujua. Ziwa Tanganyika linapokea mito mingi, lakini mto wa kutoka ni mmoja tu, Lukuga, kule Kalemie. Kwa hiyo mvua nyingi zikinyesha miaka mfululizo, ziwa linapanda na kushuka kwake ni polepole sana. Wazee wanakumbuka ziwa lilivyopanda katika miaka ya 1960, na sisi wenyewe tumeona miaka ya 2020, 2021 na 2024. Basi mtu akikuuzia nyumba kwa bei ndogo karibu na ufuko, akasema maji yamerudi na hayatakuja tena, mwambie fundi apime kwa macho sakafu iko juu kiasi gani kuliko mahali maji yalipofika mwaka ule. Kama sakafu iko chini ya alama hiyo, bei ndogo hiyo si ndogo.

Kwa mama wa milimani, fundi aangalie nyuma ya nyumba. Je, mlima umekatwa ili nyumba ipate nafasi? Udongo uliokatwa wima bila ukuta wa mawe wa kuuzuia huanguka mvua ikiujaza maji. Na kwa walio karibu na Mutambala au mto mwingine wowote, waulize mto ulipita wapi zamani, kwa sababu mto una tabia ya kurudi katika njia yake.

Kisha msingi na kuta

Hapa fundi anachutama. Wengi wetu tunaangalia rangi na madirisha, lakini nyumba inaanza kufa kutoka chini. Kama kuta ni za matofali mabichi, aangalie kama kuna msingi wa mawe unaopanda juu ya udongo, au kama tofali limewekwa chini moja kwa moja. Tofali bichi likinywa maji linarudi kuwa tope. Ukiona chini ya ukuta pameliwa, pamekuwa pembamba kuliko juu, na lipu inadondoka ukiigonga kwa kidole, ujue maji yanapanda ndani ya ukuta au yanarushwa na matone ya paa fupi.

Kwa matofali ya kuchoma, fundi agonge mawili. Lililoiva vizuri linalia kama chungu kizuri, lisiloiva linatoa sauti ya bubu. Akipata kipande cha tofali hilo, akiloweke ndani ya maji mpaka kesho yake. Kikilainika na kumeguka, nyumba imejengwa kwa tofali ambalo halikuona moto wa kutosha.

Halafu nyufa. Si kila ufa ni wa kuogopesha. Nyufa nyembamba kama unywele, zilizotawanyika kwenye lipu, mara nyingi ni za lipu kukauka haraka. Ufa wa kuogopa ni ule unaopita kutoka upande huu wa ukuta mpaka upande wa pili, ule unaoshuka kama ngazi kwa kufuata viungo vya matofali, ule unaoanzia kwenye kona ya dirisha na kwenda juu kwa mshazari, na ule unaoingiza kipande cha sarafu. Huo unasema msingi unazama upande mmoja. Fundi atatumia nivo na uzi wenye timazi kuona kama ukuta umelala. Na ufa uliozibwa kwa simenti mpya usikudanganye. Muulize muuzaji ulizibwa lini na kwa nini.

Kuna njia ya kupima ufa ambayo haihitaji makuta. Bandika kipande cha karatasi juu ya ufa kwa uji wa muhogo, andika tarehe, rudi baada ya majuma mawili au matatu. Karatasi ikipasuka, ukuta bado unatembea. Anayekataa kungoja majuma hayo, na wewe usikubali kumpa avansi. Methali ya kuziba ufa tunaijua wote: usipoziba, utajenga ukuta. Lakini kama ufa ni wa mtu mwingine, kwa nini ukuta ukajengwe na wewe?

Fundi aangalie pia juu ya milango na madirisha kama kuna linto, na kama ukuta umefungwa juu kwa mkanda wa simenti na vyuma, ule ambao mafundi wanauita shenaji. Sisi tunakaa katika nchi ya matetemeko. Tarehe 5 Desemba 2005, ardhi ilitetemeka chini ya ziwa hili letu, kwa nguvu ya 6,8, na nyumba zilianguka Kalemie. Tarehe 3 Februari 2008 ilikuwa zamu ya Bukavu. Katika tetemeko, ukuta mrefu wa tofali usiofungwa kwenye kona na juu huachana na wenzake, kila mmoja akaanguka upande wake. Kama nyumba haina shenaji, bado unaweza kuinunua, lakini ujue, na usiweke kitanda cha watoto chini ya ukuta mrefu ulio peke yake.

Paa, choo na maji

Seremala apande juu kwa ngazi. Achome mbao kwa ncha ya kisu. Mbao nzima inakataa kisu, iliyoliwa na mchwa inakikubali kama mkate. Aangalie njia za udongo ambazo mchwa hujenga ukutani kupanda juu. Muuzaji anaweza kuzifagia, lakini alama zake hubaki. Aangalie kama mbao za paa zimefungwa kwa waya ndani ya ukuta au zimekaa tu juu yake, kwa sababu upepo wa ziwa haubishi hodi. Kisha mfunge milango na madirisha saa sita mchana, msimame ndani. Kila nyota mnayoiona kwenye mabati ni tundu la mvua. Kama kuna plafoni, madoa ya kahawia yanaonyesha mahali panapovuja.

Choo wengi huona aibu kukiuliza. Uliza. Chukua kamba, funga jiwe, pima ndani ya shimo limebaki kiasi gani kabla ya kujaa. Kama kuna kisima, hesabu hatua: kipimo kinachotumiwa na watu wa afya ni mita 30 kati ya shimo la choo na kisima. Chini ya shimo pawe juu ya maji ya ardhini angalau mita moja na nusu, na karibu na ziwa hilo ni jambo gumu, kwa sababu maji yako karibu. Sote tunajua kolera inavyorudi Uvira na Fizi. Nyumba nzuri yenye choo kinachozama ndani ya maji itawafikisha watoto wako hospitali kabla ya ukuta kuanguka.

Kama nyumba ina umeme wa jua, fundi aangalie nyaya zinazopita juu ya mbao na viungo vilivyofungwa kwa mfuko wa plastiki. Hivyo huunguza nyumba.

Aandike karatasi

Maneno ya fundi yakibaki mdomoni, kesho yatapotea. Mwombe aandike, au aseme na mtoto anayesoma aandike, kwa mafungu matatu: mambo ya hatari, mambo ya kutengeneza, na mambo ya kuvumilia. Mbele ya kila jambo la kutengeneza aweke bei ya vifaa na ya kazi, kama anavyoona sokoni leo.

Karatasi hiyo ni nguvu yako katika kupatana bei. Tuseme muuzaji anataka dola 3.000, na fundi amehesabu kwamba paa litakula dola 400 na choo kipya dola 200. Humwambii muuzaji nyumba yake ni mbaya. Unamwambia: “Baba, nyumba nimeipenda, lakini haya nitayalipa mimi kesho. Tuyatoe kwenye bei.” Kama kwenye fungu la hatari kuna msingi unaozama au njia ya maji, usipatane bei. Ondoka. Bei haigeuzi njia ya mto.

Sheria nayo inaheshimu macho. Kitabu cha sheria ya mapatano tulichonacho tangu tarehe 30 Julai 1888 kinasema muuzaji anawajibika kwa ubovu uliofichika, lakini hawajibiki kwa ubovu unaoonekana, ule ambao mnunuzi angeweza kuuona mwenyewe. Maana yake, ukinunua nyumba yenye ufa wazi, hutaweza kwenda mahakamani kulia juu ya ufa. Na ubovu uliofichika ukitokea, usikae nao miaka. Sheria inataka ulalamike upesi. Karatasi ya fundi, yenye tarehe, itasaidia kuonyesha kipi kilionekana siku ile na kipi kilikuwa kimefichwa.

Tukumbushe pia kwamba fundi anaangalia nyumba, haangalii karatasi za kiwanja. Ardhi ya Congo ni ya Serikali kwa sheria ya mwaka 1973, na unachonunua ni nyumba pamoja na haki ya kutumia kiwanja. Mipaka na karatasi ziangaliwe na shefu wa mtaa, majirani wa pande zote nne, na watu wa kadastre. Hiyo ni siku nyingine na kazi nyingine. Usiache moja kwa sababu umefanya nyingine.

Kwa wanaopanga

Mpangaji naye asiseme nyumba si yangu. Ukuta hauulizi nani mwenye nyumba kabla ya kuanguka. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya kupanga nyumba inasema garanti ya nyumba ya kuishi isizidi miezi 3. Siku ya kuingia, tembea na mwenye nyumba chumba kwa chumba, mwandike hali ya kila kitu: kitasa kimevunjika, kioo kimepasuka, bati linavuja hapa. Mtie sahihi wote wawili. Bila karatasi hiyo, siku ya kuhama utaambiwa kioo ulikivunja wewe, na garanti itapotea. Kama huna uwezo wa kumlipa fundi siku nzima, mlipe aje saa moja tu aangalie kuta na paa. Matengenezo makubwa, kama paa na kuta, ni ya mwenye nyumba. Madogo ya kila siku ni ya mpangaji.

Neno kwa vikundi vyetu

Sasa tunasema na MUSO na vikundi vya likelemba. Kikundi kimoja tunachokijua kilimkopesha mjane mmoja makuta ya kununua nyumba wakati wa kiangazi. Nyumba ilikuwa nyeupe, safi. Mwezi wa 11 ukuta wa chumba cha nyuma ulilala usiku. Watoto walikuwa chumba cha mbele, Mungu aliwalinda. Lakini deni lilibaki lote. Mama akawa analipa nyumba ambayo haipo, huku anapanga nyingine, na kisanduku chekundu cha msaada kikafunguliwa mara mbili kwa ajili yake. Wenzake hawakumlaumu, lakini mwaka ule watoto wa akina mama wengine walikosa makuta ya shule yaliyokuwa yangetoka humo.

Kwa hiyo tunapendekeza jambo moja. Kisanduku cha kijani kisitoe mkopo wa nyumba mpaka karatasi ya fundi imeletwa na kusomwa mbele ya kikundi. Kama mama hana makuta ya fundi, kikundi kimlipe, yaongezwe kwenye mkopo. Kikundi kikubaliane na mafundi wawili au watatu wanaoaminika, kwa bei moja inayojulikana, ili kila mama asihangaike peke yake. Na siku ya ukaguzi, mama asiende na fundi peke yake. Akina mama wawili wa kikundi wamsindikize. Mmoja aandike, mmoja aulize majirani.

Mwisho, kwa wale wanaosema mambo ya nyumba ni ya wanaume: sheria ya jamaa ya mwaka 1987 ilimtaka mke aombe kibali cha mume kabla ya kufanya mapatano. Kifungu hicho kiliondolewa na sheria ya tarehe 15 Julai 2016. Mambo makubwa ya nyumbani mke na mume wanapaswa kuyaamua pamoja, na hilo ni jema. Basi mwonyeshe baba watoto karatasi ya fundi, mkaisome pamoja mezani, naye ataona kwamba hujamleta fundi kwa ubishi. Umemleta kwa sababu watoto watalala chini ya paa hilo.

Wengi wetu tulirudi kutoka Tanzania kuanzia mwaka 2005, tukashuka kutoka kwenye meli hapa Baraka na mabunda yetu, tukaanza nyumba upya kutoka kwenye udongo. Tunajua nyumba inachukua miaka mingapi ya ndagala, ya muhogo na ya mafuta ya mawese. Siku moja ya fundi ni kidogo mbele ya miaka hiyo.

Vikundi vitakavyokubaliana na mafundi wao vituletee habari kabla ya mvua ya Septemba. Tutawaeleza akina mama wengine mlivyopatana.